Steringi peke yake hafikishi mashua

Najua nimekuwa kimya, na wale mlionipigia kuuliza kama nimetundika kalamu, nawashukuru kwa kunijali. Sijatundika. Kuna jambo limenikaa kooni tangu niliporudi kutoka Songo Songo, na kila nilipokaa mbele ya kompyuta kulitoa, nilijikuta naandika mengine. Leo nalitoa. Vuteni kiti, maana lina kauboi, lina mashua, na lina mimi mwenyewe nikiumbuka mbele ya watu.

Songo Songo, kwa asiyeijua, ni kisiwa cha wavuvi wilayani Kilwa, mkoa wa Lindi. Gesi iligunduliwa pale mwaka 1974, na kuanzia 2004 inasafirishwa kwa bomba la kilomita 232, linalopita kwanza chini ya bahari hadi Somanga, halafu nchi kavu mpaka Ubungo, Dar es Salaam, kuzalisha umeme. Kwa hiyo wewe unayesoma haya ukiwa Sinza au Mbezi, inawezekana kabisa taa iliyo juu ya kichwa chako ina undugu na kisiwa hicho. Ndiyo sababu sisi waandishi tunatumwa kule. Tunapanda mashua, tunatapika, tunauliza habari za gesi, tunarudi.

Safari hii ilikuwa ya pili kwangu. Kazi ilikwisha mapema, bahari ikachafuka, nikaambiwa hakuna kuondoka mpaka kesho. Usiku, baada ya kula samaki wa kukaanga hadi nikaona aibu, nikafuata kelele na kufika kwenye kibanda umiza. Mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya meza, kiingilio shilingi 300. Nje kulikuwa na ubao ulioandikwa kwa chaki: saa 2 mpira, saa 4 picha la kikauboi, steringi mweusi.

Kumbe kauboi mwenyewe ni Idris Elba, yule Muingereza ambaye baba yake anatoka Sierra Leone na mama yake Ghana, aliyecheza kama Mandela mwaka 2013. Na picha lenyewe ni The Dark Tower ya mwaka 2017. Nilitaka kuruka kwa furaha. Wadau, mimi na Mnara wa Giza tunajuana! Nikiwa mwaka wa pili pale Mlimani nilikuta kitabu cha pili cha mfululizo huo kwa muuza vitabu vya mitumba. Nikakisoma bila kujua cha kwanza kinasemaje, halafu nikatumia karibu miaka mitatu kuvitafuta vingine. Kuna boom moja iliishia huko badala ya kununua viatu.

Stephen King alianza kuiandika hadithi hiyo mwaka 1970, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maine. Alichanganya vitu vitatu ambavyo wewe na mimi tusingethubutu kuvitia chungu kimoja: shairi la Muingereza Robert Browning la mwaka 1855, riwaya za Tolkien, na filamu ya kikauboi ya Sergio Leone ya 1966, The Good, the Bad and the Ugly. Kitabu cha kwanza kilitoka 1982, cha saba 2004, na mwaka 2012 akachomeka cha nane katikati yao. Jumla ni zaidi ya kurasa 4,000. Ni safari ya Roland, mpiga bastola wa mwisho katika dunia iliyochakaa, anayeutafuta mnara unaoshikilia dunia zote zisianguke.

Usiku ule picha lilikuwa limetiwa sauti ya DJ. Mnawakumbuka akina Lufufu na DJ Mark, waliokuwa wakitafsiri filamu za nje, sauti zao zikipita juu ya sauti za Wazungu na Wahindi? Wale hawakutafsiri tu. Walisimulia, walitania, walitia chumvi, na mwisho wa siku picha ya Hong Kong ikawa kama imechezwa Manzese. Huyu wa Songo Songo sikumjua jina, lakini alikuwa fundi. Roland akamwita Mzee wa Bastola. Yule mbaya wake wa joho jeusi, anayemwambia mtu aache kupumua na mtu anaacha, akamwita Mganga. "Huyu hahitaji kisu," DJ akasema, "huyu sumu iko mdomoni." Kibanda kizima kikacheka. Roland alipoanza kujaza risasi kwa ile kasi yake, mabenchi yalitaka kuvunjika.

Dakika 95, picha likaisha. Tukatoka nje kupunga upepo. Kijana mmoja, mvuvi, akanigeukia.

"Braza, tangu mwanzo wanautaja mnara. Mbona hawajaufikia?"

Swali zuri kuliko uchambuzi mwingi niliousoma kuhusu filamu ile. Hapo ndipo nilipojiona profesa. Nikaketi juu ya ngazi ya kibanda, vijana kama saba wakanizunguka, nikaanza kutoa mhadhara.

Nikawaambia kwamba vitabuni Roland hasafiri na mtoto peke yake kama walivyoona. Ana kundi: Eddie, kijana wa New York aliyetawaliwa na unga, Susannah, mwanamke mweusi asiye na miguu, mtoto Jake, na mnyama wao mdogo, Oy. King analiita kundi hilo ka-tet, maana yake watu waliofungwa pamoja na majaaliwa. Ka kwake ni majaaliwa. Vijana wakacheka, kwa sababu kwetu ka ni kitu kidogo: katoto, kajumba, kamtu. Lakini hao ndio hadithi yenyewe. Roland wa kitabu cha kwanza ni mtu anayeweza kumwachia mtoto aanguke shimoni ili yeye aendelee na safari, na kweli anamwachia. Vitabu vinavyofuata vyote ni habari ya mtu huyo kujifunza kwamba wenzake si ngazi ya kupandia.

Filamu iliwaacha Eddie, Susannah na Oy. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawakulizungumza. Elba alipochaguliwa, baadhi ya wasomaji walilalamika kwamba Roland wa vitabuni ni mzungu. Pale kibandani hakuna aliyelalamika, steringi alikuwa wa kwetu basi. Ila Susannah wa vitabuni anaingia akiwa na nafsi mbili, na moja inamchukia Roland hasa kwa sababu ni mzungu. Ukimfanya Roland mweusi, sehemu hiyo lazima uiandike upya kwa akili nyingi. Filamu haikuiandika upya. Ilimwondoa mama wa watu, kazi ikaisha.

Nikaendelea, maana mtu akishapewa masikio! Nikawaeleza kwamba Marvel walianza kuitoa hadithi hiyo kwa vitabu vya katuni mwaka 2007, picha za Jae Lee na Richard Isanove, maneno ya Peter David. Wao hawakuanzia jangwani kama King. Walianzia ujana wa Roland, jambo ambalo King alilisimulia kwa kirefu katika kitabu cha nne. Lakini walikuwa na Robin Furth, mwanamke aliyekuwa msaidizi wa utafiti wa King, ambaye kazi yake ilikuwa kujua kila jina na kila kijiji cha ile dunia. Ukiwa na mtu wa namna hiyo pembeni, unaweza kubadilisha mwanzo bila kupoteza watu njiani.

Sinema ikasumbua zaidi. Mwaka 2007 J.J. Abrams alipewa haki kwa dola 19, kwa sababu 19 ni namba ya ajabu ndani ya hadithi hiyo. Akaangalia ukubwa wa mzigo, akautua. Mwaka 2010 Ron Howard akatangaza mpango wa filamu tatu pamoja na tamthilia ya televisheni. Mwaka 2011 studio ikajitoa. Ndipo ikaja ile ya 2017 ya Nikolaj Arcel, ya dakika 95. Amazon nao wakapiga picha ya majaribio ya tamthilia, wakaitazama, na Januari 2020 wakasema hapana. Desemba 2022 Mike Flanagan akatangaza kwamba haki sasa anazo yeye, na ndoto yake ni misimu mitano ya televisheni na filamu mbili juu yake.

"Kwa hiyo mnara wanaufikia?" yule kijana akarudi palepale.

Anaufikia, nikamwambia (na wewe ambaye hujasoma na unapanga kusoma, ruka aya hii). Anaupanda hadi juu, anafungua mlango wa mwisho, na mlango unamrudisha jangwani alikoanzia. Hakumbuki kitu. Lakini safari hii kiunoni ana baragumu ambalo zamani aliliacha kwenye uwanja wa vita, pembeni ya rafiki yake aliyekufa. Kuinama kuliokota kungemchukua nukta chache tu. Hakuinama, alikuwa na haraka ya mnara. Sasa amepewa mzunguko mwingine, na safari hii ameinama. Mwaka 2016, kabla ya filamu, King mwenyewe alitoa picha ya baragumu hilo, watu wakaelewa kwamba filamu itakuwa mzunguko mpya. Wazo zuri mno. Halafu wakalipa dakika 95.

"Wamekata watu," nikahitimisha kwa sauti ya mtu anayejua. "Mtu akikupa hadithi ya watu watano, wewe ukabaki na steringi na mtoto, hujaifupisha. Umeiua."

Vijana wakatikisa vichwa. Na hapo, kutoka gizani, upande wa mzee wa kahawa, nikasikia sauti ninayoifahamu.

"Mwanangu, hao Wamarekani umewasema sana. Na mashua yangu je?"

Wadau, nilitamani mchanga unimeze.

Sasa inabidi nirudi nyuma. Safari yangu ya kwanza, zaidi ya mwaka mmoja kabla, nilirudi na habari mbili. Moja ya gesi. Nyingine alinipa babu huyu. Mwaka 1973, mwaka mmoja kabla gesi haijagunduliwa, alikuwa nahodha kijana wa mashua ya uvuvi. Kusi likawakamata usiku, foromali ikavunjika, tanga likachanika, maji yakawa yanaingia kuliko yanavyotoka. Alinisimulia kwa saa mbili nzima, barazani kwake, kila mtu na kazi yake: nani alishika usukani pamoja naye, nani alikata kamba, nani alikuwa akisoma dua kwa sauti, nani alilia. Na mtoto wa miaka 13, aliyechukuliwa kwa kazi ya kukumba maji. Mtoto huyo alikumba kwa kopo usiku kucha, akikataa kupokewa. Karibu na alfajiri wimbi likampitia. Jua lilipotoka waliobaki walikuwa juu ya fungu, hai.

Nikarudi Dar na kuiandika kwa maneno 1,100. Mhariri akanirudishia: maneno 400, mwisho saa 10 jioni. Nani asiyejua maisha ya chumba cha habari? Nikakaa, nikakata. Aliyesoma dua, nje. Aliyelia, nje. Mtoto nilimwacha hadi mwisho, kwa sababu ukimtaja lazima ueleze kwa nini mtoto alikuwa baharini usiku, na maelezo yanakula maneno 80. Saa 10 kasoro dakika tano nikamkata naye. Habari ikatoka vizuri sana, na picha ya babu: nahodha shujaa aliyewaokoa wenzake wanne. Nilipongezwa. Nikaikata gazetini na kuibandika ukutani.

Gazeti likafika kisiwani. Kumbe dada wa yule mtoto yupo, bibi wa zaidi ya miaka 60, nyumba ya nne kutoka kwa babu. Mjukuu wake akamsomea habari yote mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza bibi alidhani ameruka mstari. Bibi hakunilaumu mimi. Mimi hanijui. Alimlaumu babu. Aliamini kwamba mzee, baada ya miaka yote hiyo, alipopata mtu wa kumwandika alijipigia baragumu mwenyewe na kumfuta mdogo wake. Tangu siku hiyo akaacha kupita barazani kwa babu. Watu waliozikiana na kuolezana kwa nusu karne!

"Mimi nilikwambia habari zake," babu akasema. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. "Nilikwambia mpaka rangi ya lile kopo."

Kweli aliniambia. Lilikuwa la bluu. Liko kwenye daftari langu.

Asubuhi, kabla ya mashua kuondoka, nikaenda kwa bibi. Nilimkuta uani anasuka ukili. Nikamwamkia, akaitikia, nikajieleza kwa kigugumizi: bibi, ni mimi niliyeandika, babu alinisimulia yote, mimi ndiye niliyemkata.

Akasuka kidogo. "Ulimkata kwa nini?"

"Nafasi, bibi. Gazeti halikuwa na nafasi."

"Mtoto mdogo vile," akasema, "alikuwa anachukua nafasi gani?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Nikamuuliza nimfanyie nini. Sikutarajia jibu jepesi. Alisema: "Kaandike walikuwa sita." Nilipofika mlangoni akaongeza, "Na mwambie babu yako nitapita Ijumaa."

Nilipofika Dar nilimwomba mhariri tuchapishe marekebisho. Akaifungua ile habari, akaisoma, akaniuliza uongo uko wapi. Nikatafuta. Haupo. Nahodha ni kweli, kusi ni kweli, watano waliookolewa ni kweli. Gazeti hurekebisha kosa, na pale hakuna kosa, akasema, tena habari ina zaidi ya mwaka. Kwa sheria zetu za kazi yuko sahihi. Hapo ndipo niliposhindwa kulala.

Nimewaza sana kuhusu kukata. Sisemi watu waache kukata, maana hadithi ikihama chombo lazima kitu kibaki bandarini. Titanic ya James Cameron ya 1997 iligeuzwa kitabu cha katuni cha Kiswahili hapa Dar es Salaam na Joshua Amandus Mtani, na unadhani meli nzima ile iliingia kwenye karatasi? Wale maDJ wa filamu walikata na kuongeza wapendavyo, lakini kila aliyekaa kibandani alijua anamsikiliza nani: sauti ya DJ ilikuwa wazi juu ya sauti ya picha, haikujificha.

Na tuna mwalimu mkubwa kuliko hao, tena mzaliwa wa Kilwa. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia yake ya mwaka 1969 alikuwa na mtu wa kweli mbele yake: Kinjikitile wa Ngarambe, aliyewapa watu maji na imani, ambaye Wajerumani walimnyonga Mohoro mwezi Agosti 1905, vita vya Majimaji vilipoanza. Hussein alihitaji kumbadilisha ili akae jukwaani. Akambadilisha. Lakini jina la tamthilia ni Kinjeketile, na mwanzoni mwa kitabu anamweleza msomaji waziwazi kwamba huyu wa jukwaani si yule wa historia, amemfinyanga kwa mahitaji ya sanaa. Herufi mbili na maelezo mafupi. Wajukuu wa Ngarambe hawawezi kusema wamefutwa, kwa sababu mwandishi amewaonyesha mahali mkasi wake ulipopita.

Mimi mkasi wangu niliuficha, nikaacha lawama imwangukie mzee wa watu.

Kuhusu Flanagan na Mnara wake, sina ushauri wa kumpa, mtu mwenyewe ana hela na mimi nina deni la kodi ya nyumba. Siku akifanikiwa nitaangalia kwanza kama Eddie, Susannah na Oy wamo, ndipo niangalie bastola. Nami nimejiwekea sharti moja kazini: kabla ya kukata, naandika kwenye karatasi majina ya watu wote waliomo katika habari, na ninayemtoa najiuliza nani kwao atalisoma gazeti hilo kwa kumtafuta. Mhariri anasema nachelewesha kazi. Ni kweli, nachelewesha.

Hapa hakuna wa kunihesabia maneno, kwa hiyo naliandika niliyotumwa. Usiku ule wa kusi, mwaka 1973, ndani ya mashua iliyotoka Songo Songo, walikuwa sita: nahodha, mabaharia wanne, na mtoto wa miaka 13 aliyekumba maji kwa kopo la bluu mpaka karibu na alfajiri. Watano walifika kwa sababu yake.

Nimeichapa aya hiyo kwa herufi kubwa na kuituma Kilwa Masoko kwa mtu anayevuka wiki hii, mjukuu amsomee bibi. Safari hii hajaruka mstari.